Kofia ngumu haitoshi: dhana potofu kuhusu usalama kwenye maeneo ya ujenzi

Kwenye maeneo mengi ya ujenzi nchini Tanzania, habari za usalama huanzia getini na kuishia hapo hapo, pale kibarua anapokabidhiwa kofia ngumu na fulana ya kung'aa, akasaini karatasi, kisha akaelekezwa kwenye kazi. Msimamizi huamini ametimiza sheria na fundi huamini amelindwa, na mara nyingi wote wawili wamekosea. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 imeweka wajibu mkubwa juu ya mwajiri, ukiwamo wa kutathmini hatari zilizopo kazini, na utaratibu unaofuatwa na wataalamu wa fani hii ni kuiondoa hatari yenyewe kwanza, kuizuia isimfikie mtu pale isipoondoka, na kumvisha mtu kinga mwishoni kabisa. Dhana nyingi zinazosikika kwenye ujenzi huupindua utaratibu huo, zikamtwika anayebeba zege mzigo ambao ni wa mwenye kazi.

"Aliyevaa kofia na mkanda yuko salama"

Kofia ngumu imetengenezwa kupunguza kishindo cha kitu kinachodondoka, kama kipande cha tofali au spana, wala haiwezi kumwokoa mtu aliyeangukiwa na ukuta. Plastiki yake hudhoofika kwa jua la miaka, na kofia iliyokwisha kupigwa na kitu kizito inapaswa kubadilishwa hata kama haionyeshi ufa wowote.

Mkanda wa usalama wa kufunga mwili mzima una hesabu zake, ambazo wengi wanaouvaa hawajawahi kuelezwa. Kamba yake huwa na urefu wa karibu mita 2, na kifaa cha kupunguza mshtuko hufunguka kwa zaidi ya mita moja mtu anapoanguka. Ukijumlisha urefu wa mwili wake na nafasi kidogo ya tahadhari, anahitaji takriban mita 5 hadi 6 zilizo wazi chini yake, hasa ikiwa kamba ameifunga usawa wa miguu. Fundi anayefanya kazi mita 3 kutoka ardhini anaweza kugonga chini akiwa amefungwa vizuri kabisa. Kinga yake ya kweli ni jukwaa lenye mbao zisizo na mapengo, vizuizi vya pembeni, na ngazi iliyofungwa juu isiteleze.

"Shimo halimfiki mtu kichwani, haliwezi kumuua"

Katika dhana zote, hii ndiyo inayonitia hofu kuliko nyingine, kwa sababu huaminiwa hata na wasimamizi wenye uzoefu. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi, nayo huporomoka kwa muda usiotosha mtu kugeuka. Aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa kikiwa nje, anaweza kukosa pumzi, kwani kila anapotoa hewa udongo hujaza nafasi iliyoachwa na kifua, na kifua hakipanuki tena. Isitoshe, mtaro huchimbwa na mtu aliyeinama, kwa hiyo kina kinachoonekana kumfikia kiunoni akisimama huwa kinamfikia kichwani anapochota udongo.

Ukuta wa mtaro uliosimama asubuhi hautoi ahadi yoyote kwa mchana. Mvua ya usiku, lori linalopita kando, na udongo uliorundikwa ukingoni vyote huongeza msukumo. Udongo unaotolewa unapaswa kuwekwa mbali na ukingo, angalau sentimita 60, na kuta za mtaro zishikiliwe kwa mbao na mihimili au zichongwe kwa mteremko, jambo la lazima zaidi kwenye ardhi ya kichanga kama ile ya sehemu nyingi za pwani. Wenzake wanaorukia ndani kumwokoa aliyefukiwa hufukiwa pia, kwa kuwa ukuta ulioporomoka mara moja huwa umebaki bila mshiko.

"Zege likishakauka juu, mirunda inaweza kutolewa"

Zege halipati nguvu kwa kukauka. Hupata nguvu kwa saruji kuungana na maji, na ndiyo sababu humwagiliwa siku nyingi baada ya kumwagwa. Lenye saruji ya kawaida, likitunzwa vizuri, huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu zake kufikia siku ya saba, na nguvu inayotumika katika hesabu za mhandisi hupimwa siku ya 28. Kutoa mirunda, yaani miti inayolishikilia zege kwa chini, mapema ili ikatumike ghorofa ya juu ni kuiachia sakafu ya zege uzito ambao bado haiwezi kuubeba, tena wakati ambapo mbao, nondo na mifuko ya saruji inaendelea kurundikwa juu yake. Uamuzi wa kuitoa ni wa mhandisi, si wa fundi aliyeligonga zege kwa nyundo akasikia mlio mzuri.

"Maziwa husafisha vumbi la saruji"

Imani hii imeenea hata kwa wachomeleaji na wapaka rangi, na kuna waajiri wanaotoa pakiti ya maziwa kila jioni kwa nia njema. Maziwa ni chakula kizuri kwa mtu aliyefanya kazi ngumu. Lakini huingia tumboni, ilhali vumbi liko kwenye mapafu, na hakuna njia inayoyafikisha huko. Vumbi baya zaidi ni lile laini lisiloonekana, litokalo kwenye kukata vigae, kuchimba zege na kusaga mawe, kwa sababu lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe. Silika hutia makovu kwenye mapafu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba; unaweza kuendelea kumdhoofisha mtu hata baada ya kuacha kazi hiyo. Kinachosaidia ni kukata kwa maji ili vumbi lisiruke, na kuvaa barakoa ya kuchuja vumbi inayobana usoni. Kitambaa kilichofungwa puani hupitisha chembe hizo.

Karibu na dhana hiyo kuna ile ya ngozi "iliyozoea" saruji. Saruji mbichi ni kali kiasi cha kuunguza, na huunguza polepole bila maumivu ya mwanzo, hata mtu aliyepiga magoti kwenye zege akagundua kidonda jioni. Anayepata mzio wa kromiamu, metali iliyomo kwenye saruji, hauzoei. Mara nyingi huishi nao. Sheria hiyo ya 2003 inataka uchunguzi wa afya kabla ya kuanza kazi na wakati wa kazi, na madhara ya aina hii ni sababu mojawapo ya kuutilia maanani.

"Kibarua hana mkataba, kwa hiyo hana haki"

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata alama moja kati ya zilizotajwa: kupangiwa namna ya kufanya kazi au saa zake, kupewa vifaa, kumtegemea mwajiri huyo kiuchumi, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Karatasi ya mkataba haimo katika alama hizo.

Fidia nayo ina dhana zake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kupokea michango Julai 2015, huchangiwa na mwajiri peke yake, na kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili hiyo hakuruhusiwi. Aliyeumia hatakiwi kuthibitisha kwamba bosi wake alizembea; kinachoangaliwa ni kama ajali ilitokana na kazi.

"Usalama ni wa walio ndani ya uzio"

Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka 29 Machi 2013, watu 36 walifariki, na si mafundi peke yao waliofukiwa.

"Ajali ndogo haina haja ya kuandikwa"

Msumari mguuni leo unaweza kuwa pepopunda wiki ijayo, na maumivu ya mgongo huonekana kuwa jeraha siku kadhaa baada ya mtu kunyanyua mzigo. Madai ya fidia yana ukomo wa muda na yanahitaji ushahidi, na kwenye ujenzi ushahidi hutawanyika upesi: zege likishamwagwa, kundi la vibarua huhamia kazi nyingine na namba za simu hubadilika. Daftari la ajali lijazwe siku ile ile, likitaja jina, saa, mahali hasa, kazi iliyokuwa ikifanyika na walioshuhudia, na aliyeumia aombe nakala yake kabla hajaondoka getini.