Acheni Kusugua Sarafu za Zamani

Nimeletewa tena rupia ya Kijerumani ya 1890 iliyopigwa dawa ya meno mpaka inang'aa kama sufuria mpya, na mwenyewe anataka bei ya sarafu ambayo haijawahi kutumika. "Si nimeshaisafisha?" Hapana, ndugu yangu. Umeichuna.

Sarafu inapogongwa kiwandani, madini husukumwa kuelekea ukingoni na kuacha mifereji midogo mno ambayo jicho haliioni. Hiyo ndiyo inayoutembeza mwanga juu ya sarafu unapoigeuza chini ya taa. Dawa ya meno ina chembe za kukwangua. Ukisugua, mifereji inakwenda na mikwaruzo inachukua nafasi yake. Mng'ao wa kiwandani hutembea. Wa kusugua umesimama pale pale. Mnunuzi mwenye lenzi huujua papo hapo, na kampuni za kupima ubora wa sarafu, kama PCGS na NGC, huiandika kuwa imesafishwa, bila kuipa alama ya kawaida. Ule weusi wa uzee ulioondolewa kwa bidii? Wapo wanaoulipia zaidi!

Ndimu nayo niiseme. Asidi hula shaba, na hela, ile sarafu ndogo ya shaba ya enzi ya Wajerumani, inabaki na uwaridi usio wa asili. Shilingi ya Afrika Mashariki ya George V ndiyo huonewa zaidi: ina fedha robo tu, na ukiikwangua wekundu wa shaba unatokeza kwenye simba.

Udongo na mafuta ni jambo jingine. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, kausha kwa kugusisha kitambaa laini, usifute. Ute wa kijani ulioachwa na mifuko ya plastiki ya PVC huyeyushwa na asetoni halisi, si dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta. Tumia bilauri ya kioo, dirisha wazi, mbali na moto.

Sasa penye utata. Sarafu nyingi za fedha zinazouzwa Ulaya na Marekani zimewahi kuchovywa sekunde chache kwenye asidi yenye thayourea, kemikali ya kuondoa weusi wa fedha, na soko likazipokea bila neno. Kila mchovyo hula ngozi kidogo. Kwa hiyo "imesafishwa" mara nyingine maana yake ni kwamba imesafishwa vibaya kiasi cha kuonekana. Hilo linanikera, na sina jibu la kuwaridhisha wote.

Sarafu za shaba ziitwazo pesa, za Sultan Barghash wa Zanzibar, za 1299 Hijria, zikitoka kwenye udongo wa chumvi huweza kuota unga wa kijani mpauko. Huo si uzee, ni kloridi inayoila shaba kutoka ndani, na kuiacha hivyo hivyo ni kuipoteza. Ila dawa za kuutuliza hubadilisha rangi ya sarafu, nami husita kila mara. Yako ikianza, itenge, iweke pakavu kabisa, na uipeleke kwa mhifadhi wa makumbusho kabla hujaigusa na chochote.