Kinyago cha Shetani Hakikuwa Mungu wa Mtu: Dhana Potofu Kuhusu Uchongaji wa Kimakonde

Mwezi uliopita bwana mmoja aliniletea kinyago alichokizungushia gazeti na kukitia ndani ya mfuko, kwa namna ambayo mkono wake usingekigusa. Kilikuwa cha marehemu mama yake, nacho kilikuwa kimekaa juu ya kabati la vyombo kwa zaidi ya miaka thelathini bila kumsumbua mtu. Sasa ndugu walikuwa wamekata shauri kichomwe moto, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba Wamakonde walikuwa wakiviabudu vinyago vya aina hiyo tangu enzi za mababu, na kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikizuia riziki ya nyumba. Nafundisha historia ya uchongaji, na maneno hayo nimeyasikia kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa wasomi na kwa wasio wasomi, mara nyingi kiasi kwamba sasa nimeona niyajibu kwa maandishi.

Dhana: Vinyago vya mashetani ni miungu ya kale ya Wamakonde

Ushahidi wa kwanza unaoikanusha dhana hii ni tarehe. Kinyago cha shetani, kile chenye jicho moja au mdomo uliopinda, chenye viungo vilivyorefuka na kupenyana hata usijue mguu unaishia wapi na tumbo linaanzia wapi, kilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa, mmoja wa wachongaji waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, kinyago cha kawaida alichokuwa akikichonga kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kuwa kiumbe ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikichongwa. Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago mwenye asili ya Kihindi, alikipenda na kumtia moyo achonge vingine. Wachongaji wenzake wakaifuata njia hiyo, kila mmoja kwa mkono wake. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya miaka arobaini kabla. Basi mtu anayeuita mtindo huu wa enzi za mababu anauita wa kale mtindo ulio mchanga kuliko reli.

Ushahidi wa pili ni mti wenyewe, na huu ndio ninaowasisitizia wanafunzi wangu kwa sababu hauhitaji kitabu. Wamakonde wana sanaa ya kweli ya sherehe, nayo ni ya mapiko, yaani barakoa zinazovaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago. Lipiko humwakilisha marehemu aliyerejea kuwatembelea walio hai, na zamani siri ya nani amelivaa ililindwa vikali dhidi ya wanawake na watoto. Kwa kuwa mchezaji hulivaa na kucheza nalo, lipiko huchongwa kwa mti laini na mwepesi. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Lipiko la mpingo lingemvunja mchezaji shingo. Kinyago cha shetani huchongwa kwa mpingo, hakivaliwi, hakichezwi, hakina siku yake katika unyago wala mahali pake katika kaya ya Kimakonde. Tangu mwanzo kimechongwa kwa ajili ya mnunuzi.

Mnunuzi huyo alitoka wapi? Katika karne ya 20 Wamakonde wengi wa nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka Mto Ruvuma kuja kutafuta kazi Tanganyika, hasa katika mashamba ya mkonge, na vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964 viliwaongeza wengine. Walikuja na ufundi wa tezo na patasi, wakakuta mji wenye maduka na wageni wenye fedha. Humo ndimo mitindo mipya ilimozaliwa. Hata ule mtindo wa watu waliopandiana mabegani kwa wingi katika gogo moja, tunaouita ujamaa, unahusishwa na mtu anayejulikana, Roberto Yakobo Sangwani, na jina hilo ulilibeba kutoka katika siasa za Mwalimu Nyerere.

Sikatai kwamba masimulizi ya mashetani yapo. Yapo mengi, na wachongaji wanayajua tangu utotoni. Lakini kumpa umbo kiumbe wa hadithi si kumsujudia, kama vile bibi anayewasimulia wajukuu habari za zimwi hamwabudu zimwi. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, nao walikuwa wakieleza jambo ambalo kila mchongaji analijua. Kinachoniudhi ni kwamba dhana hii inawanyang'anya watu kazi yao. Tunapokiita kinyago "cha mababu", tunamfuta Samaki, tunawafuta wote waliokaa chini ya mwembe na tezo wakibuni jambo jipya katika nchi hii ndani ya maisha ya wazee wetu walio hai. Mtalii anayekipenda kwa kudhani ni cha kale na jirani anayekichoma kwa kudhani ni cha kale wamekosea kosa lile lile.

Atakaye kujua thamani ya kitu cha sherehe halisi na aitazame habari ya lipiko lililoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Lilikuja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva, na majadiliano yakachukua miaka mingi hadi liliporejeshwa Tanzania mwaka 2010.

Dhana: Picasso alijifunza kwa Wamakonde

Madai haya huambiwa wageni sokoni kwa nia njema, lakini tarehe hazikubali. Picasso, mchoraji maarufu wa Kihispania, aliziona barakoa za Kiafrika katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, na zilizomvutia yeye na wenzake zilitoka hasa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Vinyago anavyodaiwa kuviiga vilichongwa nusu karne baadaye.

Dhana: Mpingo ni mweusi mzima, na cheusi ndicho halisi

Mpingo una kiini cheusi chenye wekundu au zambarau kwa mbali, kilichozungukwa na tabaka la nje la mti lililo jeupe linaloelekea manjano. Mchongaji hodari huuacha weupe huo mahali anapouhitaji, hivyo ukiuona usidhani umedanganywa. Shuku kile kilicho cheusi kwa usawa kila mahali, kwa maana miti myepesi hupakwa rangi ya viatu hadi ing'ae. Kigeuze, utazame kitakoni ambako brashi huwa haifiki, kisha kipime kwa mkono: mpingo hauna mzaha katika uzito. Na tafadhali, cha mpingo halisi usikipake rangi ya viatu hata siku moja. Kitambaa kikavu kinatosha.

Dhana: Kila kinyago ni cha Kimakonde

Wazaramo wana uchongaji wao, na twiga na vifaru vingi vinavyouzwa katika maduka ya watalii ya Kenya ni kazi ya Wakamba. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, huko Ukambani, alijifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nyumbani na kuwafundisha wengine. Muulize muuzaji jina la mchongaji, uliandike na mwaka kwenye karatasi, ulibandike chini ya kinyago. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na watoto wako watakushukuru.

Kile cha marehemu mama tulikifungua gazeti pamoja. Kitakoni palikuwa na herufi mbili na mwaka 1974, vimechongwa kwa ncha ya patasi. Bwana yule alivitazama kwa muda mrefu, kisha akavipitishia kidole. Alichouliza baadaye ni kama ufa mrefu wa mgongoni ungeweza kuzibwa kwa gundi. Nilimwambia auache kama ulivyo, maana gogo lilipasuka lilipokuwa likikauka na halitapasuka zaidi akilitenga na jua la dirishani na upepo wa kiyoyozi.