Vita viko nyuma, usingizi hauji: maswali ya wakimbizi wa Nakivale kuhusu kiwewe

Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, imekuwa ikipokea waliokimbia vita tangu miaka ya 1960. Maswali haya huulizwa zaidi na akina mama waliotoka Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo.

Huu ni mwaka wa tatu niko Uganda. Mbona bado naota risasi?

Mama, mwili wako ulizoea kukesha ili usalimike, na bado haujaamini kwamba hatari imepita. Mvua ikipiga bati, moyo unaenda mbio kama siku ile mliyokimbia. Wiki za mwanzo hali hiyo humpata karibu kila mtu. Ikipita mwezi, ukawa unakwepa watu, unashtuka ovyo na kazi hazifanyiki, huenda ni kiwewe. Kinatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa palipopita vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili.

Jirani anasema nimerogwa.

Hukurogwa. Kuomba, omba, ila maombi yasichukue nafasi ya matibabu.

Na waragi, ile pombe kali, kidogo usiku ili nilale?

Utasinzia upesi, kisha utaamka saa nane ukiwa na hofu zaidi. Uache.

Kusimulia tu kunaweza kuniponya?

Kusimulia ovyo, hapana. Kuna njia yake. Mshauri anakusindikiza kupitia maisha yako yote, tangu utotoni, ya furaha na ya machungu, kila tukio likiwekwa mahali pake na wakati wake, mpaka lile baya libaki kuwa jambo lililopita. Njia hii ilijaribiwa hapo hapo Nakivale kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, na washauri walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Watu walipata nafuu. Jambo hilo hunipa moyo sana.

Mwanangu wa miaka 9 ameanza tena kukojoa kitandani.

Usimchape wala kumwaibisha. Mrudishe shuleni na kwenye michezo, alale karibu nawe. Isipokoma, apimwe pia mkojo.

Nianzie wapi, na pesa sina?

Kituo cha afya cha serikali hakitozi, na sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya huduma hizo. Sema wazi: "Silali, naota vita." Kama unahitaji mkalimani, una haki ya kumkataa aliye jirani yako. Na mtu akisema hataki kuishi tena, msisubiri kesho: mpelekeni leo, na njiani asiachwe peke yake.