Je, wajua? Ukihama kabla mkataba wa pango haujaisha, huenda usidaiwe miezi yote iliyobaki

Watu wengi wakishasaini mkataba wa pango wa mwaka au miaka miwili halafu maisha yakageuka, kazi imeisha au ndoa imevunjika, wanajua njia ni mbili tu: ubaki uteseke, au uhame na ulipe kila senti mpaka mwezi wa mwisho. Sehemu nyingi sheria haiko hivyo.

Iko hivi. Ukivunja mkataba umekosa kweli, na mwenye nyumba ana haki ya kufidiwa. Ila fidia kazi yake ni kumrudisha pale ambapo angekuwa kama ungetimiza ahadi yako, siyo kukukomoa. Sasa kama wapangaji wapo wanatafuta nyumba na yeye kakunja mikono tu anahesabu miezi, hasara hiyo kajitakia mwenyewe. Wanasheria wanauita wajibu wa kupunguza hasara.

Kuna kesi ya New Jersey kule Marekani inatajwa sana. Mwaka 1972 kijana mmoja aliyekuwa anataka kuoa alisaini miaka miwili, kodi dola 345 kwa mwezi, uchumba ukavunjika hata hajahamia, akaandika barua tarehe 19 Mei akaeleza yaliyomkuta, yeye ni mwanafunzi hana uwezo wa kulipa, na ile kodi ya miezi miwili aliyokwishatoa basi wabaki nayo. Hakujibiwa. Akaja mtu mwingine anaitaka nyumba hiyohiyo na hela anayo, akaambiwa imeshachukuliwa! Ikakaa tupu zaidi ya mwaka, halafu kijana akashtakiwa alipe kodi ya muda wote huo. Mwaka 1977 mahakama ya juu ya jimbo ikampa ushindi, ikasema mwenye nyumba lazima ajitahidi kutafuta mpangaji mwingine na ni yeye wa kuthibitisha kwamba alijitahidi. Mimi naona ni haki kabisa.

Lakini usiende kichwa kichwa, maana siyo kila nchi. Uingereza mwaka 2006 mahakama ya rufaa ilisema mwenye nyumba anaweza kuuacha mkataba uendelee na akadai kodi yake, halazimiki kutafuta mtu. Kwa hiyo soma mkataba wako, hasa kipengele cha notisi, na uulize sheria ya hapo ulipo.

Na akivunja yeye, labda paa linavuja miezi na hatengenezi, kanuni ni ileile: unaweza kudai fidia, lakini na wewe usiache godoro linalowa wakati ungeweza kulisogeza. Mjulishe kwa maandishi, piga picha zenye tarehe.

Ukihama mapema andika barua ubaki na kopi, kabidhi funguo mbele ya shahidi, na kama unamjua mtu anayetafuta nyumba mpeleke kwa mwenye nyumba. Akikataliwa bila sababu ya maana, huyo ndiye shahidi wako mahakamani.