Kabla ya Kuinua Kamera: Kupiga Picha za Reli Mombasa kwa Usalama na Adabu

Nilikagua njia ya reli kwa miaka 22, sehemu kubwa kati ya Mombasa na Voi, kisha nikastaafu na kununua kamera. Watu hudhani kwamba mtu aliyehesabu mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, kwa miguu miaka yote hiyo hawezi kushtukizwa na treni. Mimi nilishtukizwa katika mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu, mchana kweupe, upande wa Mazeras, na treni ya mizigo iliyokuwa ikipanda taratibu kutoka Mombasa kwenye reli ya zamani. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kokoto, jicho kwenye kitundu cha kutazamia, nikiona kichwa cha treni kidogo tu mwisho wa kona. Nilisogea hatua mbili ili mnazi mmoja usikae mbele ya injini. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alinishika shati kwa nyuma, akanivuta kwa nguvu ambazo sikumdhania, na kabla sijageuka kumuuliza ana nini, upepo wa treni ulinipiga usoni. Aliniambia neno moja tu: "Mwenzangu, huoni?"

Nilikuwa naona, na hapo ndipo ilipo hatari. Nilipokuwa kazini nilitazama njia kwa macho mawili na masikio mawili, na shingo yangu haikutulia. Nilipoinua kamera, jicho moja lilifungwa, la pili likawekwa ndani ya kisanduku, na akili yote ikaenda kwenye mwanga na mnazi. Tangu siku hiyo nina desturi moja ambayo nawafundisha vijana wanaofuatana nami: kila jambo la usalama na kila jambo la adabu huamuliwa kamera ikiwa bado inaning'inia shingoni. Ikishainuliwa, hakuna kuhama hata hatua moja. Ukitaka kona nyingine, shusha kamera, tazama pande zote mbili, halafu ndipo uhame.

Sababu ya kwanza ni lenzi yenyewe. Lenzi pana, kama ile kuu ya simu nyingi, hukionyesha kitu kuwa mbali kuliko kilivyo. Treni hubaki kidoa kwenye skrini mpaka ghafla inajaza kila kitu. Lenzi ndefu nayo ina hila yake, kwa kuwa treni inayokujia moja kwa moja hukua polepole mno machoni, ukadhani imesimama. Hata bila lenzi, jicho la binadamu hukiona kitu kikubwa kana kwamba kinakwenda polepole kuliko kitu kidogo chenye mwendo uleule. Hesabu haidanganyi: treni ya abiria ya reli ya kisasa, inayofika kilomita 120 kwa saa, hukata mita 33 kila sekunde. Ukiiona ikiwa umbali wa nusu kilomita, una sekunde 15. Ukitumia sekunde tatu kurekebisha lenzi, mita 100 zimekwisha. Dereva hawezi kukusaidia sana hapo, kwa maana treni ya mizigo yenye maelfu ya tani huhitaji kilomita moja au zaidi kusimama, na haina pa kukukwepea.

Sababu ya pili ni masikio. Wazee wetu walilijua garimoshi kwa sauti na moshi kabla halijafika, na bado wapo wanaoamini kwamba treni haiwezi kumjia mtu kimya. Inaweza. Reli za siku hizi zimeunganishwa kwa kuchomelewa, kwa hiyo ule mlio wa gurudumu kugonga kiungo umepungua sana. Treni inayoteremka kuelekea pwani haihitaji kuvuma, maana mteremko unaisukuma. Kusi ikivuma kutoka baharini huusukuma mlio urudi bara, na ukiwa karibu na barabara ya Changamwe, malori yatakumezea uliobaki. Vipokea sauti vya masikioni viache mfukoni, hata kimoja.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara: nisimame wapi? Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya kisasa ina milimita 1,435. Mgeni hutazama vyuma viwili akadhani treni inaishia hapo. Haiishii hapo. Mwili wa behewa huzidi chuma kwa karibu mita moja kila upande, na juu ya hayo kuna ngazi, vishikio, milango isiyofungwa vizuri na mara nyingine kamba iliyolegea. Mimi husimama nje kabisa ya kokoto, ng'ambo ya mtaro, pahali ambapo hata nikianguka kifudifudi mikono yangu haigusi taruma. Kama hapana nafasi hiyo, hapana picha. Juu ya daraja na ndani ya mkato wa kilima sipigi kabisa, kwa kuwa huko hakuna pa kukimbilia.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukitumia vibaya, nacho ni kutu. Chuma kinachopitiwa na magurudumu kila siku hung'aa juu kama kisu kilichonolewa. Hewa yetu ya chumvi hukila chuma upesi. Baada ya usiku mmoja wenye umande, uso wa reli huanza kupata rangi ya kahawia. Basi mtu huona reli ya zamani imepiga kutu, nyasi zimeota katikati, akamkalisha bibi harusi juu yake apigwe picha. Reli ile haijafa. Treni ya abiria ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ilikoma mwaka 2017, lakini mizigo haikukoma pamoja nayo. Kutu hiyo huenda ni ya usiku mmoja tu. Haikuambii lolote kuhusu leo. Ratiba ya abiria pia si ratiba ya reli, kwani treni ya mizigo, treni ya kokoto na kigari cha wakaguzi hupita kwa saa zao. Na pale penye njia mbili sambamba, treni ya kwanza ikishapita usiharakishe, maana huenda imeificha ya pili.

Ukivuka njia, usikanyage chuma, kipite juu kwa hatua moja, na usivuke penye pointi, pale reli zinapogawanyika, kwa kuwa ulimi wa chuma husogea kwa amri ya mtu aliye mbali nawe na hubana mguu usitoke. Mabehewa yaliyosimama hayajalala: husukumwa kutoka upande wa pili usiouona, nayo huanza kutembea bila honi. Kupita chini yake ni jambo ambalo nimewahi kuona matokeo yake kazini, na sitayaeleza hapa.

Reli ya kisasa, iliyofunguliwa rasmi tarehe 31 Mei 2017 kutoka Miritini, ina uzio. Uzio huo haukuwekwa kwa ajili ya tembo wa Tsavo peke yao. Ukiona tundu kwenye waya, si mlango. Ajabu ni kwamba picha nzuri za reli hii hazihitaji kuukaribia, kwa sababu sehemu kubwa imeinuliwa juu ya tuta na nguzo, na mtu aliye karibu nayo haoni ila matumbo ya mabehewa. Rudi nyuma mita 200 au 300, kaa kwenye barabara ya umma au shamba la mtu aliyekuruhusu, tumia lenzi ya milimita 70 hadi 200, na saa moja hadi saa tatu asubuhi utapata mwanga wa ubavuni ambao saa sita haukupi. Ndani ya stesheni ya Miritini kuna ukaguzi wa mizigo na mbwa wa kunusa. Pale hapapigwi picha ya askari, ya mashine wala ya mbwa. Kwenye jukwaa muulize mhudumu kwanza, usivuke mstari uliochorwa sakafuni, na taa ya mmweko izimwe, kwa kuwa kumpofusha dereva hata kwa sekunde moja ni kosa lisilo na udhuru.

Wenzangu wanaokwenda Tanzania wanisikilize kwa makini hapa. Reli yetu ya kisasa huendeshwa kwa dizeli, kwa hiyo tumezoea kuinua fimbo ya simu na miguu ya kamera bila kutazama juu. Treni ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ni ya umeme wa volti 25,000 unaopita kwenye waya ulio juu ya njia. Umeme wa nguvu hiyo hausubiri kuguswa. Huruka hewani kukifuata chuma kilichosogezwa karibu. Mazoea ya Mombasa yanaweza kukuua kule.

Kuhusu majengo ya zamani, nyumba za wafanyakazi, matangi ya maji na mabohari yaliyoachwa, nitasema machache. Mabati ya asbesto yaliyovunjika usiyaguse wala kuyakanyaga, sakafu za mbao usiziamini, na usiingie peke yako. Aliye na hamu ya kupanda juu ya injini na aende Makumbusho ya Reli Nairobi, akaikute injini ya mvuke namba 5918, moja ya zile 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi. Huko utashika vyuma kwa mikono yako na hakuna atakayekufukuza.

Nyumba nyingine unazodhani zimeachwa hazijaachwa. Pembeni mwa reli ya zamani watu wanaishi, wanaanika nguo, wanauza mahamri na mbaazi, watoto wanacheza. Kwao hapo si mandhari. Nilijifunza hili kwa aibu. Niliwahi kuweka mtandaoni picha ya treni ikipita nyuma ya ua, na mbele yake mama akianua nguo kwenye kamba, kichwa wazi. Chini niliandika "maisha ya mabandani". Mpwa wake aliiona, akaja nayo hadi kwangu. Nilidhani atalalamika kuhusu kichwa wazi tu, na kwa hilo peke yake alikuwa na haki. Kumbe kilichomuuma zaidi mamake mdogo lilikuwa neno lile. "Ile ni nyumba yake, mzee. Ameijenga mwenyewe." Niliifuta picha siku ileile, nikaenda kumwomba radhi uani kwake. Alinipokea, akanipa chai, na hakunirahisishia: alitaka nisome kwa sauti nilichokiandika.

Tangu hapo napiga hodi. Nasalimu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, hujambo kwa mdogo, naeleza nataka treni na wala si nyumba, naonyesha picha kwenye skrini kabla ya kuondoka, na nikiambiwa hapana, ni hapana. Mtoto simpigi bila mzazi wake kusema ndiyo mwenyewe. Wakati wa swala sisimami mbele ya msikiti na lenzi ndefu, hata kama treni inapita upande wa pili. Sheria nayo ipo: Katiba inalinda faragha katika Kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu picha za mtu anayetambulika kuwa data yake. Lakini kusema kweli, mama yule hakunitajia kifungu chochote.

Walinzi nao ni watu walio kazini. Bandari ya Kilindini, na reli zinazoingia humo, ni mahali pa ulinzi mkali, na bila kibali hapapigwi picha. Askari akikusimamisha, shusha kamera, toa kitambulisho, jibu kwa ufupi, usianze mhadhara wa haki zako huku umeendelea kurekodi. Anayetaka kuingia eneo la reli na aandike barua kwa shirika la reli mapema, ataje siku, mahali, vifaa na matumizi ya picha, kisha asubiri jibu kwa maandishi. Ndiyo ya mdomo haimsaidii mtu zamu ya walinzi ikibadilika. Droni zina masharti ya peke yake: husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na huku kwetu uwanja wa ndege uko Port Reitz, jirani kabisa na reli, kwa hiyo anga hilo si la kuchezea.

Mwisho kuna picha zisizofaa kuchapishwa. Mwaka jana, nikiwa barabarani, niliona kwa lenzi ndefu vibanio kadhaa vinavyoshika reli kwenye mataruma vimeng'olewa, kazi ya wauza vyuma chakavu. Ilikuwa picha kali, chuma kiking'aa juu na mashimo meusi chini yake. Nilikwenda moja kwa moja stesheni nikamwonyesha steshenimasta, nikamweleza alama za mahali kwa nguzo ya kilomita, na genge la mafundi wa njia likatoka jioni ileile. Vijana waliniuliza mbona sikuiweka mtandaoni. Ingewaonyesha wezi wengine penye vyuma vya kung'oa. Imebaki kwenye simu ya steshenimasta, na kwangu nimeifuta.