Mkumbo hutoka ubavuni

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa barazani Barabara ya 12, Ngamiani, kikombe cha kahawa mkononi, yakaja mazungumzo ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha hapa hapa mjini Tanga. Kikundi kimeyumba. Mwenyekiti alitaka fedha zote za sanduku zitolewe kwa mkupuo zikanunue mzigo wa mchele, wanachama wakanyoosha mikono, mzigo ukachelewa mpaka bei ikashuka, na sasa mgao wa mwisho wa mwaka haueleweki. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akakata maneno: "Wamejitakia. Wanawake wale wamefuata mkumbo tu." Baraza zima likaitikia.

Shangazi yangu ni mwanachama wa kikundi hicho. Siku ya kikao mwenyekiti alisimama mbele, daftari la mikopo kwapani, akasema, "Asiyekubali asimame atueleze sababu." Shangazi alikuwa ameomba mkopo, na karatasi yake ilikuwa inasubiri sahihi ya mwenyekiti huyo huyo. Nilipomuuliza kwa nini hakupinga alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, ningesimama kwa miguu ipi?"

Hapo mkumbo uko wapi? Neno hili tumelibebesha mizigo isiyo yake. Karani aliyeamriwa na mkubwa wake aghushi risiti, tunasema kafuata mkumbo. Binti aliyesuka mtindo alioupenda mwenyewe, mkumbo. Kijana aliyehama chama baada ya kusoma na kufikiri miezi mitatu, mkumbo pia. Nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na kila mara kuna mtu anaonewa.

Kufuata mkumbo ni kubadili unachosema, unachotenda au hata unachoamini kwa sababu watu walio sawa nawe, waliokuzunguka, wanasema au wanatenda hivyo, pasipo yeyote kukuamuru. Basi. Yashike mambo mawili: walio sawa nawe, na hakuna amri.

Sasa lenyewe neno. Limetokana na kitenzi kumba. Kumba la makuti tunayoezekea mabanda si ninalolizungumzia hapa. Nasema kukumba, kutenda. Kutoka -kunja tumepata mkunjo, kutoka -pinda tumepata mpindo, kutoka -enda mwendo, na kwa njia hiyo hiyo kutoka -kumba tukapata mkumbo. Kitenzi kinavishwa m- mbele na -o nyuma, kinakuwa jina la tendo au la kile tendo linachokiacha.

Na kukumba kuna sura mbili. Ya kwanza ni kuzoa vyote kwa pamoja bila kuchagua. Aliyewahi kuona kokoro likivutwa ufukweni, nyavu hizo ambazo zimepigwa marufuku, anaijua sura hii bila kufundishwa. Wavutaji wako mistari miwili, kamba mabegani, wanarudi kinyumenyume hatua kwa hatua. Mfuko wa wavu ukifika mchangani hukuti samaki uliyemtaka peke yake. Unakuta tasi wadogo kama kidole, kaa, majani ya bahari yaliyong'olewa na mizizi, pweza mchanga ambaye angeachwa angekua. Hakuna kilichoulizwa. Ndiyo maana twasema watu wamekamatwa kwa mkumbo, au darasa limeadhibiwa kwa mkumbo. Na ndiyo maana twasema mtu kakumbwa na maafa: kajiwa, hakuyaendea.

Sura ya pili ni kusukuma kwa mwili, na mtoto wake ni kikumbo. Nenda uwanja wa mpira wa Mkwakwani siku Coastal Union inacheza na timu kubwa, usimame langoni dakika kumi kabla ya filimbi. Utapigwa vikumbo mpaka ujikute ndani hujui tiketi umemkabidhi nani. Aliyekusukuma ukimgeukia kwa hasira utaona naye anageuka nyuma kwa hasira, maana naye kasukumwa. Kikumbo ni cha bega kwa bega. Hakitoki juu. Kinatoka ubavuni, kwa mtu wa kimo chako, ambaye hana madaraka yoyote juu yako na pengine hata hakukusudia.

Kisha wazee wetu wakalichukua neno hilo wakaliweka mbele yake kitenzi kufuata. Hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Mkumbo huzoa, mkumbo husukuma. Lakini kufuata ni kwa miguu yako mwenyewe. Msemo mmoja umebeba yote mawili, kwamba umesukumwa na kwamba umetembea. Anayelitumia kama tusi anaona kutembea tu. Anayelitumia kama udhuru anaona kusukumwa tu.

Saikolojia ya jamii, elimu inayochunguza jinsi watu wanavyobadilishwa na watu wenzao na mazingira waliyomo, imelipima jambo hilo hilo. Mwaka 1951 Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani, alitoa matokeo ya jaribio ambalo limesimuliwa mno, na mara nyingi limesimuliwa vibaya. Vijana wa kiume wa chuo waliketi pamoja wakaonyeshwa kadi mbili. Moja ina mstari mmoja, nyingine ina mistari mitatu yenye urefu tofauti. Taja upi kati ya mitatu unalingana na ule mmoja. Mtu akijibu peke yake alikosea chini ya mara 1 katika 100. Lakini pale wote walioketi walikuwa wameshapangwa na Asch kabla, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alijibu karibu mwishoni. Katika zamu 12 kati ya 18 waliopangwa walitaja kwa sauti jibu moja la uongo. Fikiria umeketi hapo. Wa kwanza anataja mstari usiofaa, unadhani kapitiwa. Wa pili anataja huo huo. Wa tatu, wa nne. Macho yako yanakwambia hivi, masikio yanakwambia vile, na zamu yako imefika.

Kiasi cha asilimia 37 ya majibu katika zamu hizo yaliwafuata wengi. Robo tatu ya waliojaribiwa waliyumba angalau mara moja. Hapo ndipo wasimulizi wengi huishia, wakasema binadamu ni kondoo. Wanasahau kwamba karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi mbele ya meza nzima inayosema uongo, na kwamba mtu mmoja katika kila wanne hakuyumba hata mara moja. Wanasahau pia kwamba Asch alipoweka mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, makosa yalishuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Mtu akiruhusiwa kuandika jibu lake faraghani badala ya kulitaja, nayo yalipungua sana.

Lakini ninalotaka ulione zaidi ni lile ambalo halikuwepo chumbani. Hakuna aliyemwamuru yule kijana. Wenzake hawakushika daftari la mikopo yake. Walikuwa wanafunzi kama yeye, na bega lao lilitosha. Huo ndio mkumbo.

Upande wa amri alikuja kuushughulikia Stanley Milgram, aliyewahi kufanya kazi chini ya Asch. Alianza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, akachapisha mwaka 1963. Mtu mzima wa mjini aliambiwa anasaidia utafiti wa kujifunza: kila mara mwanafunzi aliye chumba cha pili akikosea, abonyeze swichi ya umeme, kuanzia volti 15 kupanda hadi 450. Umeme haukuwepo, lakini yeye hakujua. Kila aliposita, bwana mmoja aliyevaa koti la kijivu alimwambia aendelee. Watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa swichi.

Watu hutia majaribio haya mawili katika kapu moja, na Milgram mwenyewe alikataa. Alieleza kwamba utii hupita kati ya mkubwa na mdogo, na mkumbo hupita kati ya walio sawa. Katika utii amri hutamkwa waziwazi. Katika mkumbo hakuna anayetamka, kila mtu anahisi tu. Halafu akataja tofauti ninayoiona kubwa kuliko zote. Aliyetii ukimuuliza atakwambia, "Niliambiwa." Analishika hilo kama ngao. Aliyefuata mkumbo ukimuuliza atakwambia ni uamuzi wake mwenyewe, hakuna aliyemshawishi. Mmoja anakiri msukumo, mwingine anaukana. Linganisha na shangazi: hakusema ni uamuzi wake, alisema hakuwa na miguu ya kusimamia mbele ya aliyeshika sahihi.

Zaidi ya hapo, mkumbo unaweza kuivunja amri. Katika awamu moja Milgram alimweka mtu wake pamoja na wenzake wawili waliokuwa wamepangwa kugoma katikati ya kazi. Walipoinuka wakakataa kuendelea, kati ya watu 40 ni 4 tu waliofika volti 450. Bwana wa koti la kijivu ni yule yule na maneno yale yale. Bega la mwenzi ndilo lililobadilika. Kwa hiyo kusema mkumbo ni upumbavu au ubaya ni kuliharibu neno. Nenda msibani mtaa wowote wa Makorora ukatazame wanawake wanavyoingia uani. Mmoja anavuta mbuzi ya kukunia nazi, wa pili anaona, anajitwisha ndoo, wa tatu anamenya vitunguu, na mwenyewe msiba hajamwomba mtu kitu. Nao ni mkumbo, na laiti usingekuwepo tungezikana kwa taabu.

Jambo jingine nitaligusa kwa ufupi, ingawa linastahili zaidi. Mwaka 1955 Morton Deutsch na Harold Gerard walionyesha kwamba mkumbo wenyewe una aina mbili. Kuna kufuata kwa kuogopa kuonekana wa ajabu, na kuna kufuata kwa kudhani wenzako wanajua usilolijua. Mgeni akifika mnada wa samaki wa Deep Sea asubuhi, asiyejua jodari wa jana na wa leo, akaona wachuuzi wazoefu wamekusanyika kwenye fungu moja, naye akasogea hapo, sitamwita mjinga. Anasoma migongo ya wanaojua. Muzafer Sherif, msomi kutoka Uturuki, alikuwa ameshaliona hilo mwaka 1935. Aliwaweka watu katika giza totoro wakitazama nukta ya mwanga isiyosogea, ambayo macho hudanganyika kuiona inasogea, akawauliza imesogea kiasi gani. Wakiwa pamoja makadirio yao yalisogeleana. Walipotenganishwa, kila mmoja alibaki na kadirio la kundi. Hao hawakujifanya, waliamini. Palipo na giza, jirani ndiye taa yako.

Wala si kweli kwamba sisi Waafrika tuna maumbile ya kufuata. Mwaka 1967 John Berry alichapisha ulinganisho wa Watemne wa Sierra Leone na Waeskimo wa kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, akitumia mistari kama ya Asch. Watemne walifuata kundi zaidi. Maelezo yake hayakuwa ya damu, yalikuwa ya chakula: mkulima anayevuna mpunga mara moja kwa mwaka na kuutunza mpaka msimu ujao analea watoto wa kukubaliana, maana ghala ni la wote, mwindaji wa barafuni analea mtoto wa kujiamulia peke yake. Mtu wa pwani anayejua tofauti ya chombo cha mabaharia wanane na ngalawa ya mtu mmoja atalielewa hili haraka.

Juzi nilirudi barazani. Yule mzee alikuwepo. Nikamwamkia, nikakaa, nikangoja muuza kahawa amimine, nikamwambia kwa adabu kwamba neno lake la juma lililopita halikunitoka. Akasema, "Haya, sahihisha."

Nikamweleza kikao kilivyokaa. Mstari wa mbele walikuwa wale wenye mikopo inayosubiri, kina shangazi, hao walitii. Mstari wa nyuma walikuwa wasiodaiwa wala wasioomba kitu, ambao hawakusikia vizuri hata kilichosemwa, wakaona mikono ya wenzao iko juu nao wakainua yao. Hao, kweli, walifuata mkumbo. Na baina ya mistari hiyo miwili walikuwepo wawili watatu walioamini mchele utalipa, walishapiga hesabu zao nyumbani. Hao walikosea hesabu, si kingine.

Mzee alizungusha kikombe mkononi mpaka machicha yakatulia chini. "Na mwenyekiti?" akauliza.

Nikamjibu kwamba tangu tuanze kulizungumza jambo hili, siku ile hata leo, alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza.