Bonde la Mto Linapogeuzwa Maabara

Mvua ikishanyesha, maji yake hugawanyika. Mengine hukimbilia mtoni, mengine hunywewa na udongo, mengine huzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, na mengine hurudi angani kupitia majani ya mimea. Anayetaka hesabu hiyo itimie hana budi kulifunga vipimo bonde zima, kuanzia vilimani hadi mahali mto unapotokea.

Mara nyingi tunaulizwa kwa nini tusipime kijito kimoja tu, maana gharama yake ni ndogo. Jibu liko Walnut Gulch, jimboni Arizona, ambako Idara ya Kilimo ya Marekani imekuwa ikipima maji tangu miaka ya 1950 katika bonde la kilomita za mraba zipatazo 150. Makorongo yake huwa makavu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya radi ikipiga upande wa juu, maji hushuka kwa kishindo, lakini hupita juu ya mchanga wenye kiu, nao huyanywa njiani. Kipimo cha juu huandika mafuriko, na cha chini kabisa huenda kisiandike kitu. Ukiwa na kimoja tu kati ya hivyo, utadanganyika, na utadanganyika kwa namba zilizopimwa vizuri. Kwa hiyo vipimo hupangwa kwa ngazi: vibonde vidogo ndani ya vikubwa, kila makutano na kipimo chake.

Kazi ya kwanza ni kutafuta mahali pa kupimia mto unapotoka bondeni. Tunatafuta mwamba imara, kwa sababu maji yakipenya chini ya ukuta wa kipimo, hesabu yote huvuja pamoja nayo. Kwenye vijito hujengwa ukuta mfupi wenye pengo la umbo la V. Maji hupita hapo, kina chake husomwa, na kina hubadilishwa kuwa kiasi cha maji. Pengo la nyuzi 90 likiwa na kina cha sentimita 10, zinapita takriban lita 4.4 kwa sekunde. Sasa majani makavu yakwame pale na kuinua maji kwa sentimita moja tu: hesabu inaruka hadi lita 5.5, zaidi ya robo, na mtoni hakuna tone lililoongezeka. Hakuna mtambo utakaoyaondoa majani hayo. Atayaondoa mtu mwenye buti na reki.

Hapo ndipo bajeti nyingi hukosea: fedha huishia kwenye kununua vifaa. Mimi nikiambiwa nichague kati ya vipimo 50 vinavyotembelewa mara mbili kwa mwaka na 15 vinavyokaguliwa kila wiki, nachukua hivyo 15 bila kusita.

Mvua nayo ina ukaidi wake, maana inaweza kulowesha mteremko mmoja na kuuruka wa pili. Kosa la milimita moja katika bonde la kilomita za mraba 150 ni lita milioni 150 za maji ambayo hayakuwapo, au yaliyokuwapo na hayakuhesabiwa.

Kisha kuna subira. Ukitaka kujua ukataji wa miti unafanya nini kwa mto, pima vibonde viwili vinavyofanana kwa miaka kadhaa kabla shoka halijagusa kimoja. Miaka hiyo ya mwanzo hairudi, na wafadhili huiona kama kungoja bure. Huko Hubbard Brook, New Hampshire, watafiti walianza mwaka 1963 kuchota sampuli za maji ya mvua na vijito ili wafuatilie virutubisho vya msitu. Chupa hizo ndizo zilizoonyesha kwamba mvua yenyewe ilikuwa na asidi, jambo ambalo hawakuwa wamelifuata. Kwa sababu waliendelea kuchota, iliwezekana baadaye kuona asidi hiyo ikipungua baada ya moshi wa viwanda kudhibitiwa. Bonde jipya linapopangwa, tunaomba rafu za kuhifadhia chupa mapema, pamoja na vipimo vyenyewe.